Picha za Alhamisi

Nilianza darajani. Sabaki ilikuwa inapita chini
nyekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni.
Picha ya kwanza: maji.
Ya pili: kivuli changu juu ya maji, kofia imekizidi.
Nilikuwa nimejiapiza: leo Malindi yote, kwa miguu,
toka mtoni hadi Kasuarina,
na lifti sitaki, hata ya tuktuk yenye maandishi
MDAIWA SI MWIZI.

Kamera ya kuazima. Bwana Shekue, mpiga picha za harusi,
alinipa kwa sharti moja:
"Betri lina ugonjwa wa moyo. Usilikimbize."

Ya kumi na moja, muuza mahamri:
"Mikono piga. Uso niachie."
Nikapiga mikono, unga mpaka kwenye viwiko.

Kisumu Ndogo, watoto: "Chao! Chao!"
Wakakaribia, wakanitazama, wakavunjika mbavu.
"Kumbe ni dada tu."
Wakapanga mstari hata hivyo,
mmoja kambeba mwenziwe mgongoni kama gunia la mkaa.

Kisha hoteli iliyofungwa. Makuti yameangukia bwawani,
vyura wamechukua vyumba vyote.
"Picha marufuku," mlinzi akasema.
"Kaagiza nani?"
Akawaza sana.
"Mwenyewe simjui ni nani siku hizi."

Mji huu hauishi, unajikumbusha:
ukidhani umemaliza, unakumbuka kinyozi,
unakumbuka kanisa la mabati, kinu cha kusaga,
duka la vocha, msikiti mdogo wenye birika saba.
Viatu vyangu vikajaa mchanga mweupe
nikaingia mtaa ambao ramani imeuacha mtupu.

Hapo kila mlango una namba, rangi nyekundu, mkono wa haraka.
Niliinua kamera; dirisha likafungwa.
Mtu akapiga mluzi.
Akatoka mama, mwiko mkononi.
"Wewe wa ardhi?"
Siye.
"Wa kampuni?"
Siye.
"Basi wapiga nyumba yangu ya nini, imekuwa bibi harusi?"

Naupiga mji, nikasema, na neno likanilegea mdomoni.
"Walikuja wenye kamera Februari.
Machi ikaja rangi."

Nikarudisha kifuniko juu ya kioo.
Nilikuwa nimeshageuka aliposema,
"Fungua."

Akavua aproni. Akasimama kando ya mnazi.
"Niliupanda nikinyonyesha kitinda mimba.
Yuko kidato cha tatu. Uonekane mpaka juu.
Mtu hughushi karatasi;
mnazi haughushi miaka, hesabu pingili."

Jina lake Mbodze. Akaita, na mtaa ukatoka:
Tunje na risiti yake iliyopigwa plastiki,
bibi Nyevu akinionyesha kaburi chini ya mkilifi,
akalifagia kwanza, kana kwamba marehemu amepata mgeni.
Na kijana mmoja, kifua wazi, mbele ya choo:
"Nimechimba mwenyewe, futi ishirini na mbili.
Mvamizi gani huchimba futi ishirini na mbili?"

Nikapiga. Tarehe pembeni, kila moja, kama walivyotaka.
Nikapiga, betri likapepesa,
nikapiga tena, nikajua ninalikimbiza.

Kioo kikawa cheusi, watu watatu bado kwenye foleni.
"Imekufa?"
Imekufa.
"Waandike, basi," Mbodze akasema,
akanipa gamba la pakiti ya biskuti.

Kasuarina sikufika.
Usiku Bwana Shekue alizipitia moja moja, kimya,
mpaka akauliza, "Malindi bila bahari?"
Bahari iko nyuma ya choo, nikamwambia.

Na hawa ndio watatu, kutoka kwenye gamba la biskuti:
Kombe, anauza mafuta ya taa, namba 231, kibarazani ana jiwe la kunolea.
Mwanajuma, 232, alikuwa amevaa kanga mpya kwa ajili ya picha.
Mtoto wa 233, hakutaja jina.
Alisimama wima, hakupepesa,
mpaka nilipomwambia kwamba nimemaliza.